Mteja Mwenye Gundu

Tangu alfajiri Thoa hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya maji ya vuguvugu, na sasa ilikuwa inakaribia saa tano. Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa upasuaji, wa mwisho katika miaka sita ya udaktari, na kichwa chake kilijaa majina ya mishipa kiasi kwamba angeulizwa jina la mama yake angesita kwanza. Lakini njaa haina adabu, haingoji mtu amalize kusoma. Akachukua simu, akaagiza kama alivyoagiza karibu kila siku tangu mwaka jana: pho, ile supu ya tambi, ya nyama ya ng'ombe, tambi ziongezwe, bila kitunguu.

"Umeagiza supu au umemwagiza mwenye supu?" aliuliza Ngoan, mwenzake wa chumbani, bila kuinua macho kwenye daftari.

"Nimeagiza supu."

"Mh. Mbona unachana nywele?"

Thoa alicheka, akaendelea kuchana. Hosteli nzima ya madaktari watarajiwa ilijua kwamba pho ya Thoa huletwa na Vinh, mtoto wa mwenye mgahawa, na kwamba Vinh akifika getini hukaa robo saa wakati wateja wengine huachiwa mfuko na kukimbiwa.

Yalianza kwenye kifuniko cha bakuli. Siku moja Vinh aliandika juu yake kwa kalamu: "Dada, kitunguu kimekukosea nini?" Kesho yake Thoa akajibu pale penye maelezo ya oda: "Kinanuka mdomoni, mdogo wangu, na mimi naongea na wagonjwa." Ikawa kila siku swali, kila siku jibu, na wote wawili wakaanza kuiombea njaa ije mapema. Thoa alimwita mdogo wangu kwa sababu alimzidi miaka miwili, na kwetu Hanoi mtu hamwiti mwenzake lolote kabla hajajua nani alitangulia kuzaliwa. Lakini kwetu pia wapendanao ni kaka na mdogo, mwanamume ndiye kaka, hata awe kazaliwa juzi. Kwa hiyo siku ya baridi Thoa alipofunua mfuko akakuta pameandikwa, "Mdogo wangu, kula kabla haijapoa. Ni mimi, kaka yako," alijua fika anatongozwa. Alicheka peke yake, akalia kidogo, kisha akala mpaka tone la mwisho.

Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyemwita mwenzake vinginevyo.

Simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Vinh, na haukuwa na hata kichekesho kimoja.

"Oda yako mama ndiye kaipokea. Anakuja mwenyewe, mimi namwendesha. Jana nilimwambia habari zetu, nikataja jina lako, akalitambua. Akikuuliza ya siku ya mwezi mosi, wewe nyamaza. Nitaeleza mimi."

Thoa aliusoma mara mbili, akampa Ngoan simu.

"Siku ya mwezi mosi kulikuwa na nini?" Ngoan aliuliza.

"Niliamka saa kumi na moja kwenda wodini, nikaagiza supu. Nikawa mteja wa kwanza wa mama yake."

"Siku ya kwanza ya mwezi? Ukamfungulia biashara?"

"Ndiyo. Halafu oda ikafutwa."

Ngoan alifunga daftari. Shangazi yake aliuza vitambaa sokoni, alijua maana ya maneno hayo. Mteja wa kwanza akiwa na mkono mwepesi, wa bahati, mauzo yanakwenda vizuri siku nzima. Akiwa na gundu, mwenye duka huwasha gazeti mlangoni na kuufukuza mkosi wake kwa moto na matusi. Na siku ya mwezi mosi, mkosi wa asubuhi ni mkosi wa mwezi mzima.

"Wewe Thoa, umesoma mpaka akili zimekuruka? Ulifutaje oda ya kwanza?"

"Sikufuta mimi. Alifuta Vinh."

"Vinh? Kwa nini?"

"Aliona jina langu, akaona nisilipe. Akaifuta ili aniletee mwenyewe kimyakimya. Soma ujumbe wa siku ile, huo hapo juu."

Ngoan alipandisha kwa kidole, akasoma kwa sauti: "'Nimeifuta, nakuletea mwenyewe. Mpenzi halipi.' Mungu wangu, mapenzi haya! Na mama yake aliona nini?"

"Aliona jina langu. Na chini yake neno imefutwa."

"Siku hiyo aliuza?"

"Vinh anasema bakuli kumi na moja kutwa nzima. Mvua ilinyesha, sufuria ikamwagwa. Na wakati wa kuimwaga mchuzi ukamuunguza mkono."

"Uuuwi!" Ngoan alijishika mdomo. "Basi wewe ndiye yule! Juzi nimemsikia muuza chai pale nyuma ya hospitali anasimulia, eti kuna mteja mwenye gundu hosteli ya madaktari, hata kitunguu kinamkimbia. Nikacheka mwenyewe, kumbe nacheka chumba changu!"

"Leo atasema," Thoa alisema. "Si umeona? Kaandika ataeleza yeye."

"Nimeona kaandika. Kuandika hata kuku anaandika, mpe mchanga tu."

Thoa alivaa koti, akatia simu mfukoni, akashuka ngazi orofa nne. Njiani hakuogopa sana. Alimjua Vinh, mwoga wa mende, mwoga wa sindano, lakini angeweza kuendesha pikipiki kwenye mvua ya mawe ili tambi zisivimbe. Mtu wa namna hiyo, aliwaza, hawezi kushindwa na sentensi moja.

Bi Loan, mama yake Vinh, alikuwa amesimama getini, kamwanamke kafupi katika suti ya maua ya kushindia nyumbani, kofia ya pikipiki imeinamia sikio moja, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cha jikoni. Kwa desturi hakuwa mtu wa kuacha sufuria yake saa tano mchana. Kama ameiacha, jambo limemkaa rohoni. Nyuma yake Vinh alishika mfuko wa supu na kuangalia gurudumu la mbele, utadhani limetoboka.

"Shikamoo mama," Thoa alisema, akainama kwa mikono miwili.

"Marahaba." Bi Loan alimkagua kuanzia nywele mpaka kandambili. "Mpe mtu oda yake, wewe. Inapoa."

Vinh alisogea. Thoa alimtazama usoni, akitafuta yale macho ambayo kila siku hufika kabla ya supu. Leo hayakuja. Vinh alinyoosha mfuko kwa mkono uliokakamaa.

"Dada Thoa, supu yako," alisema.

Dada! Neno lenyewe la heshima, halina ubaya wowote, hata mlinzi wa geti humwita hivyo. Lakini Thoa alihisi miezi minane inakunjwa mbele ya macho yake. Alipokea mfuko akajiambia, ni mbele ya mama, anaona haya, vumilia.

"Kwa hiyo wewe ndiye bila kitunguu," Bi Loan alisema.

"Ndiye mimi, mama."

"Na mwanangu anasema mnapendana."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mimi si mtu wa kuzunguka. Nimeuza pho miaka ishirini na sita. Nimepata wateja walevi, nimepata mteja aliyedai kaona nywele nyeupe kwenye supu yangu, na mimi hizi napaka rangi kila mwezi! Wote nimewasamehe, biashara ndiyo hiyo. Lakini mtu anifungulie mwezi, kabla hata vijiti vya udi vya marehemu mume wangu havijashika moto, nafurahi nasema mwezi huu umeanza na oda kabla ya jua, halafu mtu huyohuyo anafuta!" Sauti ilipanda, wanafunzi wawili waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. "Niliwasha gazeti mlangoni kufukuza gundu lako, jirani akaja na ndoo akidhani nyumba inaungua. Binti, hebu niambie leo, mimi nilikukosea nini?"

Thoa alinyamaza kama alivyoambiwa. Aligeuza uso kwa Vinh, akangoja.

Vinh alikuna shingo. Alitazama mti, akatazama mlinzi, akarudi kwenye gurudumu.

"Vinh," Thoa alisema polepole. "Hujamweleza mama?"

"Ah, mama, ni... ni mambo ya simu tu. Simu hizi wakati mwingine..."

"Simu ina vidole?" Bi Loan aliuliza.

"Hapana, mama. Ila... ilitokea tu. Dada hakukusudia."

Maneno hayo mawili yalimuuma Thoa kuliko matusi. Ndani yake mlikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma: Vinh alikuwa anamwombea msamaha kwa kosa la Vinh. Mkono wa Thoa uliingia mfukoni ukaikuta simu. Ujumbe ulikuwa humo. Angeutoa, na mama angesoma mwenyewe, na mambo yangekwisha hapo hapo. Lakini ukweli wa kunyang'anywa ungemfaa nini? Alitaka utoke kwenye mdomo ule uliomwita mdogo wangu. Aliuacha mkono mfukoni, akampa nafasi nyingine, safari hii bila kuificha.

"Hebu niangalie. Siku ile, ile oda, nani aliifuta?"

Vinh aliinua macho. Yalikuwa yanamwomba. Thoa aliyaona vizuri, akaelewa yanachoomba.

"Si wewe ulikuwa na haraka, dada," Vinh alisema. "Ulikuwa unakimbilia wodini. Ya nini kuyachimba ya nyuma?"

Mlinzi alijifanya kusoma gazeti.

Thoa angeweza kulia pale pale. Badala yake alijisikia mtulivu, utulivu mbaya, wa mtu aliyekwisha kusikia majibu ya vipimo vyake. Akaweka mfuko wa supu juu ya ukuta mdogo, akamgeukia Bi Loan na kuinama tena, chini zaidi ya mwanzo.

"Nisamehe, mama. Ni kosa langu. Nilikuwa na haraka, sikufikiria ni siku gani wala nani yuko upande wa pili anaungojea mwezi wake. Kwetu bibi yangu aliuza mboga. Ningepaswa kujua."

Bi Loan alifungua mdomo akaufunga. Alikuja na silaha za vita vya saa nzima, na adui ameweka mikono juu.

"Yaani unakubali?"

"Nakubali. Na kesho alfajiri, ukiniruhusu, nitaagiza wa kwanza. Bakuli kubwa. Tuanze upya."

"Bila kitunguu?"

"Na kitunguu, mama. Kile chenyewe, na mizizi yake."

Bi Loan alikohoa ili asicheke. "Watoto wa siku hizi," alimwambia mlinzi, kama kwamba mlinzi ndiye jaji, "ukimtajia kosa lake anakutolea simu, ooh tazama hapa, ooh mimi niliandika hivi. Huyu kakubali kwa mdomo wake. Huyu ana malezi."

Thoa alitoa mkono mfukoni. Ndipo akaona majimaji ya njano yaliyopenya kwenye kitambaa cha mkono wa Bi Loan.

"Mama, naomba nione hapo."

"Achana napo, panapona."

"Siku kumi na bado panatoa maji, hapaponi. Umepaka nini?"

"Dawa ya meno. Kila mtu anapaka."

"Mama, mkono hauna meno."

Mlinzi alicheka kwanza, Bi Loan akafuata, kicheko kikubwa cha mwanamke aliyezoea kupigia kelele sufuria. Akajikuta amenyoosha mkono, naye Thoa akaufungua taratibu, akautazama, akaufunga upya kwa leso yake safi na kumwandikia nyuma ya risiti ya supu jina la dawa na chumba cha kwenda kesho asubuhi hospitali ya jirani.

"Umemzidi huyu miaka miwili, si ndiyo?" Bi Loan aliuliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Miwili, mama."

"Wazee wanasema hiyo ndiyo bora. Mke wa miaka miwili mbele anajua chumvi iko wapi." Alivuta pumzi. "Njoo Jumapili nyumbani. Sitakupikia pho, pho ni ya wateja. Wa nyumbani tunakula wali. Haya, Vinh, ngoja hapo, pale ng'ambo naona ndimu nzuri."

Akavuka barabara katikati ya pikipiki, bila kuangalia kushoto wala kulia, kama wanavyovuka wauzaji wote.

Vinh alimrukia Thoa, uso wote umewaka.

"Mdogo wangu! Umemsikia? Amekualika wali! Mama hajawahi kumwalika mtu wali! Umefanyaje, wewe ni mchawi?"

Kumbe mdogo wangu amerudi, Thoa aliwaza. Alikuwa amejificha nyuma ya suti ya maua.

"Nimemwomba msamaha," alisema. "Kwa kosa lako. Umesikia vizuri?"

"Nimesikia, nakushukuru sana. Umeniokoa. Ungemjua mama yangu! Angejua ni mimi nilimfungia mwezi, tena kwa ajili ya msichana, angenitoa ngozi. Nilipanga nimwambie taratibu. Tukishaoana hata tungecheka wote."

"Na mimi ningecheka?"

"Si mambo yamekwisha? Kwani nilikulazimisha? Uliyasema mwenyewe."

"Niliyasema mwenyewe. Nilitaka kuona utaniacha nifike wapi, Vinh. Ukaniacha nifike mwisho."

Uso wa Vinh ulizimika kidogo kidogo. "Unakasirika kwa ajili ya oda ya supu?"

"Leo ni supu. Kesho mtoto wetu ataungua nyumbani, mama yako atauliza nani alikuwa jikoni, nawe utasema dada hakukusudia."

"Hiyo si haki. Usininunie mbele ya watu."

"Mtaa mzima unaniita mteja mwenye gundu. Ulijua?"

Vinh alianza kurekebisha kioo cha pikipiki.

"Ulijua," Thoa alisema. Sauti ilimkatika hapo, kwa mara ya kwanza. "Siku kumi unaniletea supu, unaniandikia mapenzi kwenye kifuniko, na jioni unakaa unasikiliza wanavyonicheka. Na mimi nilikuwa nakupenda, Vinh. Nilikuwa nasoma mishipa ya moyo nakuona wewe."

"Unasema 'nilikuwa nakupenda'? Thoa, usiseme hivyo." Alimshika mkono. "Nitamwambia. Nitamwambia kila kitu. Nikimwambia, Jumapili utakuja?"

Thoa alikitazama kidevu kile, nyusi zile, kovu dogo la mafuta ya moto chini ya jicho alilolibusu mara nyingi. Alikuwa bado anampenda, tusidanganyane. Mapenzi hayatoki kama jino.

"Mwambie," alisema. "Yuko pale. Hatua ishirini."

Vinh aligeuza shingo. Ng'ambo ya barabara mama yake alikuwa anagombana na muuza ndimu kwa furaha, mkono wa leso nyeupe juu hewani. Aliwaona wanamtazama. Akawapungia, akatabasamu, meno yote nje, tabasamu ambalo mwanawe pengine hakuliona tangu mazishi ya baba yake. Vinh naye akainua mkono, akatabasamu, akaendelea kutabasamu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Leo kafurahi," alisema bila kugeuka. "Tusimharibie. Kesho, mdogo wangu. Naapa, kesho."

Thoa alichomoa mkono wake kwenye mkono wa Vinh. Alichukua mfuko wa supu ukutani; ulikuwa umepoa, mafuta yameganda juu.

"Kesho alfajiri nitaagiza kama nilivyomwahidi," alisema. "Atakayeleta amwachie mlinzi. Asante kwa kazi, mdogo wangu."

Alilisema neno hilo kwa upole, jinsi lilivyokuwa zamani, kabla ya baridi ile. Vinh alilielewa mara moja. Akafungua mdomo, lakini Bi Loan alikuwa amekwisha kuvuka, mfuko wa ndimu kifuani, anahema na kucheka.

"Nimempunja yule mzee mpaka kalia! Haya, binti, nenda kale usome. Ila nijibu moja niende kujipanga." Alimshika Thoa bega kama mtu wa nyumbani tayari. "Jumapili nikupikie samaki au kuku?"

Thoa alimwangalia mama huyu aliyempata na kumpoteza ndani ya nusu saa, akasikia machozi yanapanda. Hakutaka ayaone. Alimtazama Vinh, ambaye alikuwa amerudi kwenye gurudumu lake, kisha akainama kwa heshima.

"Vinh atakueleza, mama," alisema, akaanza kupanda ngazi.